Nungu wa Baharini na Ongezeko la Joto la Bahari

Nungu wa baharini ni mnyama wa mviringo mwenye gamba gumu lililojaa miiba, ndugu wa kiti cha pweza na jongoo bahari. Joto la mwili wake ni joto la maji yanayomzunguka, kwa hiyo bahari inapopata joto hana pa kukimbilia. Mpaka kiwango fulani, joto humchangamsha: hula zaidi na hukua haraka. Likizidi kiwango hicho, chakula chote huishia katika kumweka hai tu. Ukuaji hudorora na tezi za uzazi husinyaa. Hata hivyo, swali la kama joto linamfaa au linamdhuru huulizwa mara nyingi kana kwamba lina jibu moja. Halina. Jibu hutegemea ni hatua gani ya maisha iliyokaribia mpaka wa uvumilivu wake, na mara nyingi hatua hiyo si ya mnyama mzima bali ya lava, yaani kichanga kidogo kinachoelea baharini kabla ya kutua mwambani. Kisa kinacholionyesha hilo waziwazi ni cha nungu mwenye miiba mirefu, Centrostephanus rodgersii, katika kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia.

Asili ya nungu huyu ni pwani ya New South Wales, jimbo la Australia lililo kaskazini mwa Tasmania. Katika miaka ya 1960 alionekana kwenye visiwa vya mlango wa bahari wa Bass, na mwaka 1978 akaonekana kaskazini-mashariki mwa Tasmania. Tangu hapo ameenea kusini kando ya pwani ya mashariki. Huzaa wakati wa baridi. Nyumbani kwake msimu huanza karibu na siku fupi kuliko zote za mwaka, mwezi Juni, na Tasmania uzazi huwa wa nguvu mwezi Agosti, maji yakiwa baridi kabisa. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba lava wake hukua vibaya maji yakiwa chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Wakati huohuo, nungu wazima waliokwisha kufika Tasmania wamekutwa wakitoa mayai na mbegu za kiume zilizo hai, kwa mzunguko uleule wa kwao. Basi kilichokuwa kikiwazuia zamani si udhaifu wa wazazi, bali ubaridi wa maji yaliyowapokea watoto. Vipimo vinavyochukuliwa karibu na kisiwa cha Maria, kwenye pwani hiyo ya mashariki, tangu 1944 vinaonyesha kuwa bahari hiyo imepata joto kwa takriban nyuzi 2 kwa karne, kasi inayozidi mara kadhaa wastani wa bahari duniani, kwa kuwa Mkondo wa Australia Mashariki unasukuma maji ya joto kusini zaidi kuliko zamani. Mkondo huo umetenda mambo mawili: umewabeba lava wanaoelea kwa miezi kadhaa, na umeyapandisha maji ya Agosti juu ya kizingiti chao.

Wapo wanaosema kwamba lawama ni ya uvuvi, si ya joto. Hoja yao ina uzito. Kambakochi wakubwa, ambao ndio wenye uwezo wa kumvunja nungu mzima wa aina hii, wamevuliwa kwa wingi Tasmania. Hata kwenye miamba ya matumbawe ya Kenya, ambako ubaridi haukuwahi kuwa kizuizi, nungu wa aina nyingine wamejaa pale ambapo samaki wanaowala, kama vikande, wamevuliwa kupita kiasi. Lakini uvuvi hueleza kwa nini nungu hawapunguzwi. Hauelezi walifikaje mahali ambapo hawakuwapo kabisa. Kupungua kwa kambakochi peke yake kusingeweza kuleta lava kutoka New South Wales. Joto lilifungua mlango, na uvuvi ukamwondoa mlinzi. Hoja ya pili haiifuti ya kwanza.

Wengine huona neema katika uenezi huu, kwa kuwa tezi za uzazi za nungu ni chakula cha thamani, na Tasmania ina wapiga mbizi wanaowavua kwa biashara. Ni kweli kwamba uvuvi huo husaidia kuwapunguza. Ila nungu wakizidi hutafuna misitu ya mwani mkubwa hadi mwamba ukabaki mtupu, na hapo viumbe wengi hutoweka, wakiwemo konokono wa abaloni wanaotegemewa na wavuvi. Juu ya mwamba huo nungu hafi: huendelea kuishi kwa utando mwembamba wa mwani, lakini tezi zake huwa duni na hazina soko zuri. Kwa hiyo joto lililompa nungu uzazi katika nchi mpya humfikisha kwenye njaa inayoudhoofisha uzazi huohuo, na bado idadi yake huzuia mwani usirudi.

Yote haya yanaonyesha udhaifu wa kutegemea wastani wa joto wa mwaka. Pwani inaweza kuonekana ya baridi katika wastani huo, kumbe majuma machache ya Agosti yamekwisha kuvuka nyuzi 12. Upande wa kaskazini wa makazi ya nungu huyu kipimo hugeuka: huko msimu wa kutaga ni mfupi kuliko kusini, na joto likizidi kupanda, hatari ni kwamba maji yatapita kiwango anachokimudu. Bahari ileile inayopata joto inaweza kumkuza nungu mahali pamoja na kumdhoofisha mahali pengine. Anayetaka kuilinda misitu ya mwani hana budi kuanza kwa kuyapima maji ya msimu ule ambao lava huelea, kisha kuwaacha kambakochi wakue, kwa maana mwamba ukishakuwa mtupu, kuurudisha mwani ni kazi kubwa kuliko kuulinda.