Nani Anunue Kofia ya Kibarua?

Msikilizaji, ukipita penye ujenzi wa ghorofa pale Kariakoo au Upanga, huenda ukaona bango langoni likikataza mtu kuingia bila kofia ngumu. Mgeni wa mwenye jengo huvalishwa kofia hiyo mara tu anaposhuka garini. Lakini yule kibarua anayepandisha karai la zege orofa ya tano, mara nyingi utamkuta kichwa wazi, na miguuni ana kandambili. Ukimwuliza msimamizi, atakuambia kwamba vibarua wenyewe hawapendi kuvaa, eti joto linawasumbua. Inawezekana. Hata hivyo, historia ya kofia hii inatupa sababu za kutoridhika upesi na jibu la namna hiyo.

Mafundi wa zamani waliokuwa wakiunda meli walijua vyema kwamba nyundo ikiponyoka juu haichagui kichwa. Walizipaka lami kofia zao za kawaida, wakazianika juani mpaka zikawa ngumu. Walijihami wenyewe, kwa fedha na akili zao.

Kofia ya kiwandani ilikuja baadaye. Huko San Francisco, Marekani, tangu mwaka 1898 familia ya Bullard ilikuwa ikiwauzia vifaa wachimba madini. Kijana wa familia hiyo, Edward W. Bullard, alikwenda kupigana Vita Kuu ya Kwanza, na aliporudi alikuwa na wazo alilolipata katika kofia ya chuma ya askari. Mwaka 1919 akatoa kofia yake, si ya chuma, bali ya turubai iliyotiwa mvuke, ikakazwa kwa gundi na kupakwa rangi nyeusi. Kwa sababu ya ule mvuke, ilipewa jina la kofia iliyochemshwa, kama yai lililochemshwa likawa gumu.

Miaka 14 ikapita. Januari 1933 kazi ya kujenga daraja la Golden Gate ilianza katika mlango wa ghuba ya mji huo huo. Wakati huo Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na watu wasio na kazi walikuwa tayari kuchukua nafasi ya yeyote atakayeanguka. Wajenzi wa madaraja walikuwa na hesabu yao, ya kutisha kidogo: kila dola milioni moja ya ujenzi, mtu mmoja afe. Daraja hilo liligharimu dola milioni 35 hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, aliikataa hesabu hiyo. Alimtaka Bullard airekebishe kofia yake ya migodini ili ifae darajani, na kuivaa ikawa lazima. Mafundi wa ribiti waliokuwa wakivuta moshi wa rangi yenye risasi, wakaanza kuugua, walipewa vifaa vya kuchuja hewa. Kulikuwa na miwani ya kukinga mng'ao wa jua, hata mafuta ya kupaka usoni kwa ajili ya upepo wa bahari. Aliyefanya mizaha juu ya vyuma alifukuzwa kazi. Juu ya yote hayo, chini ya daraja ulitandazwa wavu wa kamba uliogharimu zaidi ya dola 130,000. Watu 19 waliponyoka wakadakwa na wavu huo, wakajiundia chama chao, cha waliofika nusu ya safari ya kwenda jehanamu!

Kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu hakufa hata mtu mmoja. Wa kwanza alikufa Oktoba 1936. Kisha, tarehe 17 Februari 1937, jukwaa la kufanyia kazi lenye uzito wa tani tano hivi lilichomoka, likaupasua wavu na kutumbukia baharini. Watu 12 walianguka, mita zaidi ya 60, na 10 kati yao wakafa. Kofia haikuwafaa kitu siku hiyo. Kifaa cha kujikinga ni ngao ya mwisho. Jukwaa lililofungwa vibaya haliponywi kwa kofia. Hapa ndipo waajiri wengi hujidanganya, wakidhani wakishagawa helmeti na glovu, kazi yao imekwisha.

Jumla waliokufa ni 11, si 35. Katika daraja jingine la San Francisco kwenda Oakland, lililojengwa miaka hiyo hiyo, walikufa zaidi ya 20.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa shwari. La hasha. Marekani ilipitisha sheria kuu ya usalama kazini mwaka 1970, na ubishi kuhusu nani alipie vifaa uliendelea hadi 2007, ndipo serikali ikatoa kanuni kwamba, isipokuwa kwa vitu vichache kama buti za kawaida za kazi, mwajiri ndiye alipe. Miaka 37 ya kubishana juu ya bei ya kofia na glovu!

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ndio wenye kuisimamia. Kumpatia mfanyakazi vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri. Tatizo ni kwamba kibarua wa kutwa huajiriwa asubuhi na msaidizi wa fundi, fundi ameajiriwa na mkandarasi mdogo, naye amepewa kazi na mkandarasi mkubwa, na kila mmoja akiulizwa habari za kofia humtaja aliye juu yake. Strauss hakuwa na ngazi nyingi hivyo za kujifichia: amri ilitoka kwake, na kofia zikapatikana. Mkaguzi akifika saiti, basi, asihesabu kofia zilizotundikwa ofisini. Apande orofa ya tano, amwulize mwenye karai ni nani aliyemwandika kazi asubuhi ile.