Nasaba ya Ng'ombe na Shahamu ya Nyama

Historia haikuandikwa vitabuni tu; nyingine imeandikwa katika miili ya wanyama. Mwanafunzi msomaji, ukipita Tassia, mtaa wa mashariki ya Nairobi, tazama nyama iliyotundikwa buchani. Utaona shahamu ya namna mbili. Moja hufunika mnofu kwa nje kama blanketi. Nyingine ni mistari myembamba iliyotawanyika ndani ya mnofu, mfano wa michirizi ya jiwe la marumaru. Ile ya nje mwuza nyama aweza kuiondoa kwa kisu. Hii ya ndani haitengwi. Huyeyuka motoni, ikailainisha nyama na kuitia ladha. Kwa nini ng'ombe mmoja anayo tele na mwingine anayo haba? Malisho yana sehemu yake, na umri una sehemu yake. Lakini nasaba ina sehemu kubwa, na nasaba ni kazi ya historia.

Ng'ombe wetu wengi ni wa ukoo wa nundu, ambao asili yake ni Bara Hindi. Ukoo huo uliingia Afrika zamani sana, ukachanganyika na ng'ombe wasio na nundu waliokuwako. Kwa kawaida ng'ombe wa nundu huwa na michirizi michache ndani ya mnofu. Kwa karne nyingi jua, kiu, kupe na safari ndefu viliwachuja: dhaifu alikufa, mvumilivu akazaa. Mfugaji naye alitaka ng'ombe wa maziwa na wa kustahimili ukame. Hakumpima kwa kipande cha nyama.

Miongoni mwao yuko Boran, aliyelelewa na Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wengi mno wa Afrika Mashariki. Kisha walowezi walileta ng'ombe wa Ulaya, nao wakashindwa na ndigana na maradhi mengine. Ndipo wengi wao walipomgeukia Boran, wakimnunua kwa wafanya biashara Wasomali. Mwaka 1950 iliundwa Tume ya Nyama ya Kenya, yenye kiwanda Athi River, na mwaka 1951 wafugaji wa Boran wakaunda chama chao. Nyama ilipangwa kwa madaraja; basi fahali waliochaguliwa kuzaa walikuwa wenye mnofu mwingi na wepesi wa kunona kwa majani matupu. Soko likaanza kuandika katika mwili wa ng'ombe, mahali palipoandikwa na jua peke yake.

Sasa linganisha na Japani. Huko ng'ombe alikuwa wa kulima mashamba ya mpunga, na nyama yake haikuliwa sana mpaka baada ya mwaka 1868. Ng'ombe wa kienyeji walichanganywa na wa Ulaya, na mwaka 1944 nasaba tatu zilitambuliwa rasmi. Vizazi vya kuchaguliwa vikazaa ng'ombe ambaye mnofu wake umejaa michirizi. Shahamu yake ina asidi oleiki kwa wingi, ile ile iliyomo katika mafuta ya zeituni; kwa hiyo ni laini, na huyeyuka kwa joto dogo.

Je, ng'ombe wa Japani ni bora kuliko wetu? Usifanye haraka kujibu. Kila mmoja ni jawabu la swali aliloulizwa. Japani iliuliza, "Nani mtamu?" Nchi kavu iliuliza, "Nani atabaki hai?" Katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili, na pale ng'ombe anapokufa, mtoto hukosa maziwa na mwanafunzi hukosa karo.

Leo mbegu ya fahali wa kigeni yaweza kununuliwa kwa fedha. Si vibaya kuchanganya damu kwa akili, maana hata mababu walichanganya. Hatari ni kumsahau wa asili kwa kutamani michirizi ya nyama. Ladha iliyopotea yaweza kutafutwa tena kwa vizazi vichache; ustahimilivu uliojengwa kwa karne nyingi, ukiisha kupotea, haununuliwi sokoni. Wewe utakayerithi nchi hii, chagua ukijua.