Yamoto Band
Yamoto Band lilikuwa kundi la Bongo Fleva kutoka Temeke, Dar es Salaam, lenye vijana wanne: Aslay, Maromboso, Beka Flavour na Enock Bella. Walilelewa Mkubwa na Wanawe, kituo cha Said Fella, aliyewahi kuwa meneja wa kundi la TMK Wanaume Family. Licha ya jina, halikuwa bendi ya magitaa; utamu wake ulikuwa kupokezana sauti, Aslay akipanda juu, Enock Bella akiteremka na besi yake nzito. Wimbo wa Nitakupwelepweta (2014) uliwapa umaarufu, ingawa Aslay alikwishajulikana tangu utotoni kwa Naenda Kusema. Kufikia 2017 kundi lilikuwa limevunjika. Aslay akaachia nyimbo mfululizo, zikiwemo Angekuwepo na Natamba. Mwanzoni mwa 2018 Maromboso, sasa Mbosso, alijiunga na lebo ya WCB Wasafi.