Daftari la Bibi wa Zirai

Cheo changu cha udaktari kimewahi kuniaibisha, nami nilikuwa Zirai, katika milima ya Usambara. Mwenyeji wangu alinitambulisha kwa jirani yake kuwa ni "daktari wa chuo kikuu". Bibi yule aliitikia shikamoo yangu, akaingia ndani, akatoka na daftari la matibabu lililofungwa kwa uangalifu katika mfuko wa nailoni. "Daktari, mwanangu, hebu nisomee. Wameandika nini humu?"

Udaktari wangu ni wa historia. Niliona HTN, nikakisia kuwa ni shinikizo la damu. Mbele ya jina la dawa paliandikwa BD. Hiyo niliijua kwa sababu nami nimewahi kuugua: mara mbili kwa siku. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba BD si Kiingereza hata kidogo. Ni ufupisho wa maneno ya Kilatini, bis die. Mkulima wa iliki alikuwa amekabidhiwa agizo la dawa kwa lugha ya Warumi. Aliloambiwa dirishani alikuwa amelisahau, naye alikuwa akimeza kidonge kimoja tu, asubuhi.

Ni rahisi kumlaumu aliyeandika. Yeye ameandika kama alivyofundishwa, na mafunzo hayo yana historia ndefu.

Milima hii haikuwa na uhaba wa lugha ya afya. Wasambaa walizungumza juu ya kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman ameonyesha jinsi dhana hizo zilivyounganisha mvua, chakula, uzima wa watu na uhalali wa mtawala wa Vugha. Kisha Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti Amani mwaka 1902, na katika miaka ya 1950 taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki ikawa na makao yake hapo hapo. Utafiti uliofanywa katika milima hii uliandikwa kwa Kijerumani, halafu kwa Kiingereza. Wenyeji walikuwa sehemu ya maarifa hayo, lakini hawakuhesabiwa miongoni mwa wasomaji wake.

Hata hivyo, tumewahi kufanya vingine. Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vyao vijijini, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa sura ya kitabu, wakajadiliana. Walijifunza malaria, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu na minyoo, na yote hayo kwa Kiswahili. Uzuri wa mpango ule, kwa maoni yangu, ni kwamba istilahi haikuachwa ikielea hewani. Aliyejifunza kuwa mbu huzaliana katika maji yaliyotuama alitoka kikundini akaenda kufukia dimbwi. Aliyejifunza njia ya minyoo alichimba choo. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Wanafunzi wangu wanaodhani kuwa Kiswahili "hakijakua" kiasi cha kubeba sayansi huwa hawajawahi kusikia habari za mwaka huo.

Sisemi kwamba kufundisha maneno kunatosha. Utafiti uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 uligundua kuwa wazazi wengi waliijua malaria, lakini degedege waliliona kuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye asili nyingine na mganga wake. Mtoto aliyeshikwa na degedege kwa sababu ya malaria kali aliweza kupelekwa kwanza kwa mganga wa jadi, na saa zikapotea. Hapo mwanafunzi aliyehitajika zaidi alikuwa mhudumu wa afya: ilimpasa ajifunze neno la mama kabla ya kumfundisha lake. (Na tusidharau neno mganga. Serikali yenyewe ina Mganga Mkuu wa Serikali.)

Leo tabibu na muuguzi wanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha wanapelekwa kuhudumia watu wanaougua kwa Kiswahili na Kisambaa. Kisingizio cha kukosa istilahi hakipo. Tuna kisukari, saratani, shinikizo la damu, figo, kinga ya mwili. BAKITA ipo tangu 1967. Watumishi wa wizara wanaosoma hapa wanajua kwamba kuagiza maelekezo ya mgonjwa yaandikwe kwa lugha anayoisoma hakuhitaji mkopo wa nje.

Kwa BD, Kiswahili cha dirisha la dawa kina maneno ambayo kila mtoto anayajua. Nilimshauri bibi arudi zahanati akahakikishe, kisha kwa ruhusa yake nikaandika chini ya maandishi yale: kutwa mara mbili, asubuhi na jioni. Alimwita mjukuu wake wa darasa la tatu, akamwamuru asome. Mtoto akasoma. Bibi akamwambia arudie, polepole, naye akawa anafuatisha kwa kidole.