KITABU KIZURI HAKIJIUZI

Ndugu msomaji, wahenga walituachia methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli kwa embe, maana embe lina rangi na harufu, na mnunuzi hulibonyeza kabla ya kutoa fedha. Kwa kitabu methali hiyo hugonga mwamba. Kitabu kizuri kikifungwa hufanana na kitabu kibaya. Kinaweza kukaa rafuni miaka thelathini, kikaliwa na mende, na mtu aliyekuwa akikihitaji akapita mlangoni kila siku bila habari.

Wasikilizaji wengi hutuuliza vitabu vya maana vinapatikana wapi. Hawaulizi juu ya vitabu vya mtihani, kwa kuwa hivyo mwalimu amekwisha kuvitaja. Wanauliza kwa niaba ya mtu anayetaka leo kusoma habari za ufugaji wa nyuki, kesho historia ya Usambara, na Jumapili riwaya ya upelelezi. Swali hilo si geni. Hapa Afrika Mashariki limewahi kujibiwa zaidi ya mara moja, na majibu yake yana mafunzo.

Tuanze mwaka 1948. Mwaka huo serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilianzisha idara ya pamoja ya vitabu yenye makao makuu Nairobi, East African Literature Bureau. Kabla ya hapo vitabu vingi vya Kiswahili vilitoka mikononi mwa misheni na wachapishaji wachache wa Uingereza. Mtu aliyejua kusoma alikuwa na vitabu vya dini, vitabu vya shule, na vingine vya kuhesabika. Idara hiyo mpya ilipewa kazi mbili ambazo mara nyingi tunazitenganisha: kutoa vitabu, na kuvifikisha kwa wasomaji.

Katika kazi ya kwanza, ilitafuta waandishi kwa mashindano. Katika shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957-58, zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika idara ya afya kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1960, na ndivyo wasomaji walivyompata Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko. Mwaka 1962 idara hiyo hiyo ilitoa tena Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy juu ya watawala wa Usambara. Kitabu hicho kilikuwa kimepigwa chapa kwa sehemu na wamisheni wa Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, kisha kikawa adimu. Tazama basi: mpelelezi wa kubuni na historia ya watemi vilitoka katika nyumba moja.

Katika kazi ya pili, idara ilipakia vitabu katika masanduku ikayapeleka mikoani, sanduku moja likawa maktaba ya mahali. Msomaji aliyekaa mbali aliweza pia kuazima kwa posta. Fikiria faida ya sanduku la namna hiyo. Karani aliyelifungua akitafuta hadithi alikuta ndani yake kitabu cha kilimo, cha afya au cha desturi za kabila jirani. Alipata asichokitafuta, kwa sababu kuna mtu aliyekaa Nairobi akafikiri nini kiingie sandukuni.

Hapa lazima tuseme na upande wa pili. Idara ile ilikuwa mali ya serikali za kikoloni, na mwandishi aliyetaka kuhoji utawala hakuwa na nafasi pale. Tena katika jiji hilo hilo la Nairobi, maktaba nzuri kuliko zote, McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa nguzo zake na simba wake wa mawe, ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliruhusiwa kuingia kusoma mwaka 1958. Kwa miaka ishirini na saba vitabu vilikuwapo katikati ya jiji, rafu zimepangwa sawasawa, na wenye nchi wakipita nje. Kuwapo kwa kitabu na kupatikana kwake ni mambo mawili.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya hazikulipuuza jambo hili. Tanganyika ilitunga sheria ya kuanzisha Bodi ya Huduma za Maktaba mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya bendera kupanda. Kenya ilifanya vivyo hivyo mwaka 1965. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sikukuu ya uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Siku ile haikuchaguliwa bure. Nchi maskini ilikuwa inasema kwamba maktaba ni sehemu ya uhuru wenyewe.

Katika maktaba hizo wasomaji walikutana na namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu. Wengi wetu huzipita bila kuzitazama, kumbe ndizo ufunguo wa nyumba. Mpango huo ulibuniwa na Mmarekani Melvil Dewey, akautangaza mwaka 1876. Aligawa elimu yote katika mafungu kumi. Dini ziko 200. Mambo ya jamii, siasa, sheria na elimu yako 300. Sayansi iko 500. Kilimo, uganga, upishi na ufundi viko 600. Fasihi iko 800, na historia pamoja na jiografia ziko 900. Anayetaka historia ya Tanzania aende 967.8, na ya Kenya 967.62. Akifika hapo asichukue kimoja akaondoka. Atazame vya kulia na vya kushoto, kwa maana mpango huu huviweka ndugu pamoja.

Lakini Dewey alikuwa mtu wa kwao na wa wakati wake, na namba zake zinaonyesha hivyo. Katika fungu la dini, sehemu kubwa kabisa aliupa Ukristo. Uislamu wote umebanwa katika 297, na dini za jadi za Afrika zimesukumwa 299. Katika fasihi, Waingereza wana 820 nzima, Wafaransa wana 840, na fasihi ya lugha zetu ipo karibu na mwisho, 896. Kwa hiyo msomaji anayemtafuta Shaaban Robert asikate tamaa akikuta rafu za mwanzo zimejaa majina ya Ulaya. Aendelee mbele hadi mwisho wa 800. Ramani ikichorwa na mgeni hukufikisha, ila ujue nyumba yako ameiandika pembeni.

Jibu kubwa kuliko yote lilikuja miaka ya sabini. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika Tanzania walikuwa asilimia 67. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikaenea kuanzia wilaya kama Mafia na Ukerewe hadi nchi nzima. Mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10.

Katikati ya safari hiyo, mwaka 1973, ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Sisi watu wa redio tuna haki ya kujivuna kidogo juu yake. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza kipindi cha redio juu ya malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kitabu. Kipindi kikiisha, kitabu kilifunguliwa, watu wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa na vichaka vikafyekwa. Kijitabu cha afya, ambacho dukani kingepata wanunuzi wachache, kilisomwa na taifa, kwa sababu redio ilikitangaza, kiongozi alikishika mkononi, na jirani alikuwapo wa kubishana naye.

Sasa tuulize, njia hizo ziliharibikaje? Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na idara ile ya vitabu ikavunjika nayo. Kenya ilirithi sehemu yake, ambayo ndiyo Kenya Literature Bureau. Tanzania iliingia vitani na Idi Amin mwaka 1978, na baada ya vita fedha za kigeni zikawa haba, karatasi ikawa haba, na maktaba nyingi zikakaa miaka bila kupokea vitabu vipya. Katika uhaba, kila senti ilikwenda kwenye kitabu cha kiada. Mwanafunzi akazoea kwamba kitabu ni kitu cha kujibia mtihani, na mtihani ukiisha kitabu nacho kimekwisha kazi.

Hapo ndipo penye hasara kubwa. Taifa lilifundisha mamilioni kusoma, kisha likawaacha mlangoni. Mtu aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma husahau, kama kisu kisichotumika kinavyoshika kutu. Na asiposahau, hubaki na somo moja: dini yake tu, au siasa tu, au habari za mpira tu. Jamii ya watu wa somo moja moja ni rahisi kudanganywa, kwa sababu akitokea mwongo katika jambo la pili, hakuna mwenye kulijua.

Tangu miaka ya tisini zimekuwapo juhudi za kuzifukua njia zile. Mwaka 1991 Tanzania ilianza kuwaachia wachapishaji binafsi vitabu vya shule. Mwaka huo huo ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao ulinunua sehemu ya nakala za kila kitabu na kuzipeleka shuleni, ili mchapishaji asiogope hasara. Mwaka 1996 Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa jamii za wafugaji wa Garissa. Watu wa mjini walicheka. Mimi naona ni lile lile sanduku la mwaka 1948, safari hii limepata miguu minne.

Ndugu msomaji wa mjini hana haja ya ngamia. Ana maktaba, ana maduka, na ana wauza vitabu vya mtumba wanaotandika kando ya barabara. Anachokosa ni mtu wa kumpangia sanduku, na kwa kiasi fulani anaweza kujipangia mwenyewe.

Kwanza, kitabu humleta ndugu yake. Ukimaliza kitabu kilichokufaa, soma kurasa za mwisho uone mwandishi alisoma nini. Hapo umepewa orodha na mtu ambaye umekwisha kuupima ukweli wake.

Pili, mbele ya kitabu usichokijua, acha picha ya jalada. Fungua yaliyomo, kisha usome dibaji na ukurasa mmoja wa katikati. Mwandishi asiyeweza kukueleza katika dibaji anataka kusema nini, hataweza kukueleza katika kurasa mia tatu.

Tatu, kwenye mtumba tazama mwaka wa kuchapwa. Historia, mashairi na riwaya za mwaka 1965 zinaweza kuwa dhahabu. Kitabu cha tiba au cha sheria za kodi cha mwaka huo ni kumbukumbu tu, na ukikifuata kitakuponza.

Nne, muulize mkutubi, na umuulize kwa undani. Ukisema unataka kitabu kizuri, atakuonyesha rafu nzima. Ukisema unataka kujua kwa nini reli ya kati ilijengwa, atakupeleka mahali penyewe.

Tano, msisome peke yenu. Watu watano mtaani, kila mmoja akinunua kitabu kimoja cha somo tofauti na wakazungushiana, wana maktaba ya masomo matano kwa bei ya kitabu kimoja. Vikundi vya Mtu ni Afya navyo vilisoma pamoja, na havikuwa na fedha.

Lakini juhudi za mtu mmoja mmoja zina mpaka. Sanduku, maktaba ya wilaya, mkutubi aliyesomea kazi yake, hivyo ni vitu vya umma, na hufa kimya kimya fedha zinapokatwa. Barabara ikibomoka madereva hupiga kelele. Maktaba ikibomoka wa kupiga kelele ni yule ambaye angekuja kusoma, na huyo hajui alichokikosa. Kwa hiyo, diwani na mbunge watakapokuja mtaani kueleza mipango yao, baada ya kuwauliza habari za maji na barabara, tuwaulize na hili: maktaba yetu ilinunua lini kitabu kipya kwa mara ya mwisho?

Kizuri hakijiuzi, ndugu msomaji. Kila kitabu kizuri tulichowahi kukisoma kuna mtu aliyekibeba hadi kwetu. Tukiisha kukisoma, nasi tumbebee mwingine. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.