Lemna na Mzozo wa Auksimoni: Ukurasa Uliosahauliwa wa Historia ya Homoni za Mimea

Historia ya homoni za mimea kwa kawaida huanzia Utrecht, ambako Fritz Went alithibitisha kuwepo kwa auksini katika miaka ya 1920. Masimulizi hayo huruka tukio lililotangulia, pengine kwa sababu liliishia katika kushindwa.

Mwaka 1917, W. B. Bottomley wa King's College, London, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya Lemna minor, mmea mdogo unaoelea juu ya maji yaliyotulia. Mmea huu una kiungo bapa cha milimita chache, ambacho wataalamu husita kukiita jani, pamoja na mzizi mmoja. Kwa kuwa huongezeka kwa kuchipuza, mtafiti huweza kupima ukuaji wake kwa kuhesabu tu. Bottomley aliona kwamba mimea iliyooteshwa katika mmumunyo wa madini pekee ilidhoofika, ilhali iliyoongezewa dondoo ya mboji ya kinamasi iliyochachushwa kwa bakteria ilistawi. Alihitimisha kuwa mmea wa kijani haujitoshelezi kwa madini, bali huhitaji kupewa vichochezi vya ukuaji, alivyoviita auksimoni. Dai hilo lilikuwa zito, kwani lilipingana na fundisho la Justus von Liebig kuhusu lishe ya mimea.

Katika miaka ya 1920, N. A. Clark huko Iowa na Albert Saeger walilichunguza upya. Saeger alionesha mwaka 1925 kwamba mimea ya jamii hiyo hustawi kizazi baada ya kizazi katika mmumunyo wa madini ulioandaliwa vyema. Kasoro, basi, ilikuwa katika mmumunyo wa kulinganishia, si katika mmea. Faida ya mboji ilikuja kuhusishwa na uwezo wake wa kuzuia chuma kutuama.

Hata hivyo, si haki kumhukumu Bottomley kwa jibu lake pekee, kwa maana swali lake lilirudi. Mwaka 1967, J. van Overbeek na wenzake waliripoti kwamba asidi ya absisiki, wakati huo ikiitwa pia dormini, husimamisha ukuaji wa Lemna hata kwa kiasi cha sehemu moja kwa milioni, na kwamba saitokinini huurejesha. Miaka miwili baadaye, Perry na Byrne walionesha kuwa asidi hiyo huufanya mmea wa jamii hiyohiyo, Spirodela polyrhiza, uache kutoa machipukizi ya kuelea na badala yake utoe vichipukizi vinene vyenye wanga, ambavyo huzama na kulala chini ya maji.