Changuu: Kisiwa cha Mapumziko na cha Kuzuiliwa

Ndugu zangu tuliosoma pamoja,

Bila shaka wengi wenu mnaikumbuka safari yetu ya Changuu tulipokuwa Kidato cha Pili: mashua kutoka Forodhani, masufuria ya pilau miguuni, na nyimbo mpaka sauti zikatukauka. Jioni tulirudi mjini tukijua mambo mawili tu: kwamba kobe wa kule ni wakubwa mno, na kwamba lile jengo la mawe lilikuwa gereza la watumwa.

Hilo la pili si kweli. Nakiri kwa aibu, maana miaka mingi baadaye, nikiwa mtumishi wa Serikali, nilipewa kazi ya kuwatembeza wageni kisiwani nikalirudia vile vile. Mgeni mmoja, mwalimu kutoka Bara, akaniuliza, "Walifungwa humu mwaka gani, bwana?" Nikakosa jibu. Kuuliza si ujinga. Mjinga nilikuwa mimi ambaye sikuwahi kuuliza. Niliporudi nikaanza kusoma.

Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1860 mabwana wawili wa Kiarabu walikitumia kisiwa kuwazuilia watumwa kabla ya kuuzwa. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa mjini likafungwa. Jengo tunaloliona lilikuja miaka 20 baadaye. Mwaka 1893 Sir Lloyd Mathews, Waziri wa Kwanza wa Serikali ya Zanzibar, alikinunua kisiwa, na gereza likajengwa. Lakini halikupata kufunga mfungwa hata mmoja.

Basi, nani walizuiliwa mle? Abiria. Changuu ilifanywa karantini, na watu walioshuka melini wakishukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza waliwekwa huko wiki moja au mbili kabla ya kuendelea na safari. Kituo kilitumika hasa kati ya Disemba na Machi, miezi ya kaskazi. Miezi iliyobaki kisiwa kiligeuka mahali pa mapumziko, na Wazungu wa mjini wakivuka kwenda kupunga upepo.

Fikirini jambo hili. Ufuo ni ule ule, na kimya ni kile kile. Wa Februari alihesabu siku za kuondoka. Wa Julai alisikitika kwamba siku zake zimekwisha.

Hata kobe wana historia yao. Wanne waliletwa mwaka 1919, zawadi ya Gavana wa Shelisheli. Kufikia mwaka 1955 walikadiriwa kuwa 200. Kisha wakaibiwa na kuuzwa, hata mwaka 1996 wakabaki 7 tu, ndipo juhudi za kuwahifadhi zikaanza.

Ndugu zangu, sisemi tuache kwenda Changuu kupumzika. Twendeni, na pilau letu. Lakini jina la "Kisiwa cha Gereza" linawakumbusha watu wafungwa ambao hawakuwapo, na kuwasahaulisha watumwa na abiria waliokuwapo kweli. Sisi tulifundishwa kusoma na kuandika katika skuli moja. Tutakapowapeleka watoto wetu, tuwaeleze ilivyokuwa, wasije wakaulizwa na mgeni wakanyamaza kama nilivyonyamaza mimi.